Jodari wa Kilo 58 Ndani ya Vitz

Jumamosi ile ilikuwa ya maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia, na bahari ya Nungwi ilitulia kama maji ya mtungi. Samaki alilazwa pwani juu ya makuti mabichi, na watu sita waliomzunguka walimtazama yeye, kisha wakalitazama gari langu nililoliegesha chini ya mkungu, kisha wakamtazama tena yeye. Alikuwa jodari wa kilo 58 kwa mizani ya mnadani, mwenye mapezi mawili marefu ya manjano yaliyopinda kama mundu, moja mgongoni na moja tumboni, na ule mstari wa vipezi vidogo unaoteremka mpaka mkiani. Kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia alifika mikono mitatu na shibiri moja. Gari langu ni Toyota Vitz, na kwa asiyelijua, ni gari ambalo mtu mrefu akikaa nyuma husafiri na magoti yake karibu na kidevu.

“Mjomba,” aliniuliza mjomba wangu, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, “huyu utamtia wapi?”

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu huuliza, na jibu lake ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Viti vya nyuma hulazwa, kiti cha abiria husogezwa mbele mpaka mwisho na mgongo wake ukainamishwa, kisha samaki hulazwa mshazari, kichwa nyuma ya kiti cha abiria na mkia kwenye pembe ya buti. Nilikwisha kupima kwa tepu ya fundi cherehani kabla sijatoka nyumbani. Swali ambalo hakuna hata mmoja wa wale sita aliyeniuliza ni kiasi gani cha barafu nilichokuwa nacho, na kwa kutojiuliza swali hilo, miaka minne kabla ya siku ile, nilimpeleka mama yangu hospitali usiku.

Unguja haina mnyama mkubwa wa kuwindwa. Chui wa kisiwa chetu anahesabiwa kuwa ametoweka, paa nunga analindwa na sheria, na nguruwe ambao wasasi wa mashamba huwaandama kwa mbwa ili kuokoa mihogo yao si windo ambalo Muislamu atalipakia garini akampelekea mama yake. Kwa hiyo mtu wa hapa mwenye hamu ya kurudi nyumbani na kitu kikubwa cha kuonesha hutazama baharini. Jodari wa mapezi ya manjano anaweza kufikia hata kilo 200, ingawa wa namna hiyo sijamwona kwa macho yangu, na wavuvi wa Nungwi humpata kwa kurambaza, yaani kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, huko nje ambako rangi ya maji hubadilika ghafla kutoka kijani ikawa buluu ya wino.

Mimi si mvuvi. Nasomesha fizikia katika skuli ya sekondari mjini, na mjomba hunichukua chomboni mara mbili tatu kwa mwaka kwa sababu ya undugu tu, si kwa sababu ya faida yoyote anayoipata kwangu. Kazi yangu ni kufua maji na kutokaa njiani. Samaki akishika, kazi yangu hubakia hiyo ya pili.

Kisa cha miaka minne nyuma kilianza vizuri. Tulipata jodari wa kama kilo 30 baada ya sala ya alfajiri, tukamlaza ndani ya chombo na kumfunika gunia la maji, ambalo lilikauka baada ya saa moja na hakuna aliyelirowesha tena kwa kuwa samaki wengine walikuwa wakishika. Tulifika pwani saa 5. Tukakaa kivulini tukanywa kahawa kwa kashata, watu wakaja kumtazama, kila mmoja akamgonga ubavuni kwa kidole kama anayechagua tikiti. Saa 8 nilimfunga ndani ya turubai nikamtia kwenye buti la gari ambalo tangu asubuhi lilikuwa juani na vioo vimefungwa. Njiani nilisimama Kinyasini kumsalimu rafiki, na salamu zetu, kama zilivyo salamu za watu wa Unguja, zilichukua saa nzima. Nilifika nyumbani magharibi inakaribia, nikamfungua samaki kwa fahari, na nasema kweli kwamba hakuwa ananuka. Macho yake yalikuwa maangavu. Nyama yake ilikuwa ngumu. Kila alama ambayo wazee walitufundisha ya kumjua samaki mzima ilikuwepo.

Tulimla wa kupaka. Tulikuwa watu wanane kwenye mkeka, na hata nusu saa haikupita mama akaniuliza, “Mwanangu, hii pilipili ya wapi?” Hakukuwa na pilipili. Mke wangu alikuwa ameitoa kwa ajili ya watoto. Mama alisema ulimi unamwaka, kisha uso wake na shingo vikawa vyekundu kama mtu aliyetoka kukaanga bisi, kisha akasema moyo unamwenda mbio. Baada yake nikafuata mimi, kichwa kinanigonga na mwili unaniwasha, na baada yangu wengine watatu. Jirani yetu mtu mzima, aliyekuja kwa kusikia kelele, alikata shauri mara moja kwamba samaki amepigwa jicho, kwa sababu nilimteremsha mtaani mchana kweupe bila ya kumfunika kichwa.

Daktari wa zamu hakutuuliza lolote kuhusu jicho. Aliwatazama watu watano wenye nyuso nyekundu waliokaa kwenye benchi moja na akauliza, “Mmekula jodari?” Alitupa dawa ile ile ambayo hupewa mtu mwenye mzio, na kufika usiku wa manane sote tulikuwa tumetulia. Alichonieleza pale ndicho kilichobadilisha namna yangu yote ya kubeba samaki, nami nikaenda nyumbani nikakisoma zaidi, kwa aibu ya mwalimu wa sayansi aliyefundishwa somo la joto na mgonjwa wake mwenyewe.

Nyama ya jodari, kama ya vibua na ya samaki wengine wa jamaa hiyo, ina kwa wingi kitu kinachoitwa histidini. Samaki akiwa hai hakina madhara. Akifa na mwili wake ukabakia na joto, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumboni huenea na kukigeuza kuwa histamini, na histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wa mtu huitoa anapopatwa na mzio, ndiyo maana mlaji huwashwa, huwaka uso na hupigwa na moyo. Ubaya wake ni kwamba haina harufu wala haibadilishi sura ya nyama, na ikishazalika haiondoki. Kuipika hakuiondoi, kuikaanga hakuiondoi, kuigandisha hakuiondoi, wala kuikausha kwa chumvi ikawa ng'onda hakuiondoi. Mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani unataka samaki wa namna hii, pale ambapo hewa au maji yana joto la kupita nyuzi 28, awe ameshatiwa kwenye barafu kabla ya kutimia saa 6 tangu afe. Wangu mimi alikaa saa 12 bila ya kuonjeshwa hata kipande.

Na jodari ana jambo lake peke yake linalozidisha mashaka. Samaki wengi huwa na joto sawa na la maji wanamoogelea, lakini yeye hulihifadhi joto la misuli yake, ndiyo sababu ana mbio zile, na akipigana na mshipi kwa nusu saa huzidi kupata moto. Mara moja, baada ya kisa kile, nilichukua kipimajoto cha maabara nikakizamisha ndani ya jodari aliyepandishwa chomboni wakati huo huo. Maji yalikuwa nyuzi 27 na nyama ya karibu na uti wa mgongo ilikuwa inapindukia 31. Mabaharia walinicheka kwa kumpima homa samaki. Lakini pima unene wake: joto lililoko kwenye uti wa mgongo lina mwendo wa zaidi ya nusu shibiri kupita ndani ya nyama kabla ya kufika nje, na nyama haipitishi joto upesi. Samaki mkubwa anaweza kuwa baridi mkononi, na ndani bado anatokota.

Kwa hiyo nikaja na masharti yangu, na sharti la mwanzo, la kumtoa samaki damu, ndilo lililonigombanisha na watu. Samaki hachinjwi. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba maiti wa baharini ni halali, na kwa sababu hiyo wavuvi wengi wa kwetu huona kumtoa damu samaki ni kazi ya bure, na wengine huona ni kutaka kujifanya unaijua dini kuliko wenyewe. Nilipomwambia mjomba kwamba nataka jodari akatwe na kutolewa damu akiwa bado anatikisika, alinitazama kwa muda mrefu. “Kwani huyu mbuzi?” Nikamweleza kwamba jambo hili halihusu uhalali, kwamba damu ndiyo inayobeba joto na ndiyo inayoharibika mwanzo, na kwamba akimtoa damu nyama itakuwa na rangi nzuri na mnadi atapata la kusema. Hoja ya mnadi ndiyo iliyomshinda. Sasa hukata mwenyewe: vidole vitatu nyuma ya shina la pezi la ubavuni, kisu kinaingia kidogo tu kwa kuwa mshipa wa damu uko karibu na ngozi, upande huu na upande wa pili, kisha utando wa nyuma ya matamvua. Ndoo mbili za maji ya bahari humiminwa juu yake, na damu humalizika kabla hujafikiri kwamba imeanza.

Sharti la pili ni matumbo na matamvua kutoka pale pale pwani, kwa kuwa bakteria wenyewe wanaishi humo. La tatu ni barafu, na hapa niruhusiwe kufanya hesabu kidogo, maana nimeifanya mara nyingi ubaoni kwa vitu visivyo na ladha. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Kilo moja ya samaki hutaka kiasi cha kilojuli tatu na nusu ili ipoe kwa nyuzi moja. Kumtoa jodari wa kilo 58 kwenye nyuzi 30 mpaka sifuri ni kama kilojuli 6,000, ambazo ni sawa na kuyeyusha kilo 18 za barafu. Hesabu hiyo ni ya darasani, haina jua, haina gari lililokaa wazi, haina watu wanaofunua gunia kila dakika ili wapige picha. Ndiyo maana watu wanaoishi nchi za joto huambiwa wachukue kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na mimi hujaribu kutopungua hapo.

Kupata kilo 60 za barafu si mchezo. Chupa za maji za lita moja na nusu nilizigandisha 20, kwenye friza letu, la dada yangu na la jirani yule yule wa jicho, ambaye alikubali kwa sharti kwamba apate kichwa. Nyingine nilinunua mapande kwa mwenye kuuza, nikayazika ndani ya vumbi la mbao nililopewa na seremala wa mtaani na kuyafunga kwa magunia mawili. Barafu iliyofungwa hivyo usiku wa Ijumaa ilifika Nungwi alfajiri ikiwa na pembe zake.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yenyewe na kwa dada yangu, kwa sababu bila ya yeye nisingekuwa na haja ya kuandika lolote. Lau ningeachiwa mimi, jodari yule angekatwa pale pwani minofu minne, mfupa ukaondolewa, kila mnofu ukalazwa ndani ya barafu, na Vitz lingerudi mjini kama lililotoka sokoni. Nyama nyembamba hupoa upesi, nafasi hupungua kwa nusu, na hakuna anayemtazama mwenzake wala kuuliza utamtia wapi. Lakini samaki alikuwa wa harusi ya binti yake, na dada alikuwa ameshanipigia simu mara tatu tangu Alhamisi. “Nataka aingie mzima,” aliniambia. “Wakwe watakuwepo. Ukiniletea vipande, mtu atasema tumenunua sokoni Darajani.” Nilijaribu kumweleza habari ya uti wa mgongo na nyuzi 31. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Wewe ndiye mwalimu, utajua la kufanya.” Hiyo haikuwa sifa. Ilikuwa amri.

Samaki alikufa saa 1 na nusu asubuhi, na tulimfikisha pwani saa 4. Chomboni alikuwa na chupa sita za barafu zilizombana ubavuni na gunia ambalo safari hii nililirowesha mwenyewe kila dakika kumi, kwa kuwa nilikuwa sina kazi nyingine. Pwani mjomba ana friza la kulala ambalo liliharibika mashine zamani na lililofukiwa nusu ndani ya mchanga, na humo ndimo tulimomtia baada ya kumtoa matumbo na kumkata mkia kwenye shina, ambapo pamekuwa pembamba kama kifundo cha mkono. Tulimjaza barafu tumboni, tukamzunguka kwa barafu iliyopondwa, kisha tukamimina maji ya bahari mpaka akaelea. Maji ndiyo siri ya jambo lenyewe. Barafu tupu isiyotiwa maji humgusa samaki kwa pembe zake tu na baina yake huacha hewa, lakini maji ya barafu humkumbata mwili mzima, na yakiwa na chumvi yanaweza kushuka chini kidogo ya sifuri. Alikaa humo saa 3, na mimi nilikaa juu ya mfuniko ili mtu asimwonyeshe mgeni wake.

Nilipomtoa saa 7 mchana, kipimajoto kilisoma nyuzi 23 kwenye uti wa mgongo. Ngozi ilikuwa inauma vidole kwa baridi.

Kupakia kulichukua watu wanne na maneno ya watu kumi na wanne. Nilitandika kwanza turubai lililokunjwa kingo zake juu pande zote, kama sinia, kwa kuwa barafu yote ile itakuwa maji na maji lazima yawe na mahali pa kukaa. Juu yake makumbi ya nazi, ili samaki asilale juu ya bati lenye moto wa barabara. Juu ya makumbi majani ya mgomba, kisha samaki, kisha chupa zote zilizobakia, kumi kando ya tumbo na nyingine ubavuni, kisha vumbi la mbao ndani ya viroba lililobanwa kila penye upenyo, na mwisho jamvi kuukuu juu ya yote. Kijana mmoja alipendekeza nifungue vioo samaki apate upepo. Upepo wa saa 7 za mchana ni nyuzi 31, nikamwambia, tukavifunga. Gari lilikaa chini nyuma kama mwanamke mjamzito anayekaa kwenye kigoda, na mjomba, ambaye hajapata kumiliki gari, alinipa nasaha nisiliendeshe kwa pupa kwenye matuta.

Kutoka Nungwi mpaka mjini ni kama kilomita 60, na barabara hiyo ina matuta kila penye skuli na kila penye msikiti. Nilipita Mkwajuni na Kinyasini bila ya kusimama, nikimpungia mkono rafiki yangu ambaye alikuwa amekaa pale pale alipokaa miaka minne nyuma. Karibu na Mahonda askari wa barabarani alinipungia. Alizunguka gari taratibu, akainama nyuma, akarudi dirishani kwangu.

“Asalaam alaykum, maalim. Gari lako linavuja.”

“Waalaykum salaam, afande. Si gari, ni samaki.”

Kingo moja ya turubai ilikuwa imeanguka na maji ya barafu yalikuwa yanatoka kwa tone kupitia upenyo wa mlango wa buti. Alitaka kuona, nami sikuwa na budi kuteremka na kufunua pembe ya jamvi. Alimwangalia kwa muda, akaona barafu, akatia mkono akaigusa.

“Ya harusi?”

“Ya harusi.”

“Funika, funika, nenda. Usije ukamuozesha mtoto wa watu na samaki akaoza kwa pamoja.”

Katika watu wote niliokutana nao siku ile, yeye ndiye wa kwanza kufikiria barafu, na nilisikitika kwamba sikuwa na kipande cha kumpa.

Tulifika Jang'ombe saa 9 kasoro. Uchochoro wa kwa dada hauingii gari hata likiwa dogo kama langu, kwa hiyo vijana wanne walimtoa samaki na kumbeba juu ya jamvi lile lile, na hapo nilifahamu kwa nini dada alikataa vipande. Vigelegele vilianza mlango wa kwanza na kufuata nyumba kwa nyumba kama moto wa makuti. Watoto walikimbia mbele wakitangaza jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona. Mkwe wa kiume, mzee mwenye kanzu na bakora, alisimama, akamzunguka samaki mara moja, akasema “Mashaallah” kwa sauti ya mtu anayetia saini. Dada hakusema neno. Alisimama mlangoni na kanga yake mpya, na uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu anayejizuia asicheke.

Kisha wakataka kupiga picha. Kwanza bibi harusi hakuruhusiwa kutoka, basi walipiga wengine. Kisha ikabidi wakwe wapige. Kisha simu ya mtu ikajaa. Samaki amelala juu ya meza kwenye ua, juani. Nilivumilia dakika tano, nikavumilia kumi, na kwenye ya kumi na mbili nilimchukua dada pembeni nikamkumbusha mama kwenye benchi la hospitali na uso wake mwekundu. Alipiga makofi mara mbili, na watu wakatawanyika. Nilipima tena kabla ya kisu kuingia: nyuzi 17. Sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo ambaye ingemfurahisha, lakini nusura nipige kigelegele mwenyewe.

Kumkata ilikuwa kazi ya saa moja kwa fundi mmoja wa samaki aliyekuja na visu vyake viwili ndani ya gazeti. Alipasua mstari wa ubavuni kwa mkono ambao haukurudia, akanyanyua mnofu wa mgongoni mzima kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nyama ilikuwa nyekundu safi, na ile nyeusi ya karibu na mfupa aliitenga kwa ajili ya kababu. Minofu miwili ya mgongoni ilikwenda kwenye biriani, ya tumboni kwenye samaki wa kupaka, na yote ilirudi kwenye barafu mpaka wapishi walipoiita. Jirani yetu alikuja mwenyewe kuchukua kichwa, akakitazama machoni, na akasema safari hii kimefunikwa vizuri. Aliondoka nacho kichwani ndani ya beseni.

Walaji walikuwa kama 80. Usiku ule sikula. Nilikaa karibu na mlango nikitazama nyuso za watu kama msimamizi wa mtihani, nikisubiri mmoja apate wekundu. Kijana mmoja alipoanza kujikuna shingo nilisimama, kumbe ni wadudu wa mwembe aliokuwa amekaa chini yake. Saa 5 usiku mke wangu aliniletea sahani na kuniambia nikae.

Kuhusu gari, sina la kujisifia. Yale maji yaliyovuja Mahonda hayakutoka yote nje; mengine yaliingia chini ya zulia, na maji ya barafu ya samaki yana damu ndani yake hata ufanyeje. Kufika Jumatatu vumba lilikuwa limeshakaa kwenye usukani. Nilisugua kwa ndimu na siki, ambazo kweli husaidia, kwa sababu harufu ile ni ya kitu chenye tabia ya magadi na tindikali hukifunga kisiruke hewani, lakini ndimu haifiki kwenye sponji lililo chini ya zulia. Mke wangu alichukua njia yake: aliwasha chetezo, akaweka udi mzuri wa harusi uliobakia, akafunga vioo vyote na kulifukiza gari kutwa nzima. Matokeo yake ni kwamba sasa lina harufu mbili, na wanafunzi wangu niliowapa lifti siku ya mvua waliulizana kwa sauti ya chini kama mwalimu ameoa tena au amefungua duka la samaki.

Paka wa mtaani hawakuuliza. Kila asubuhi nikitoka kwenda skuli nawakuta watatu wamelala chini ya buti, pale penye ule upenyo wa mlango, na hunilazimu kupiga honi mara mbili ndipo waondoke.